Jibu Lisubiri: Fumbo Moja la Hisabati Kila Wiki

Hotuba kwa walimu wa hisabati na wazazi, iliyotolewa mjini Tanga. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliotoa udhuru siku ile.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mgeni rasmi, waratibu elimu kata, walimu wakuu, wakuu wa shule, walimu wenzangu wa hisabati, na ninyi wazazi mlioacha biashara zenu Ngamiani, Makorora na Chumbageni mkaja kutusikiliza: karibuni, na ahsanteni. Naomba nianze na swali.

Jahazi limeng'oa nanga Tanga kwenda Pemba. Limepakia kondoo 26 na mbuzi 10. Je, nahodha ana umri wa miaka mingapi?

Naona mnatazamana. Kuna mzee pale kando ameshacheka. Mzee wangu, umecheka kwa haki, maana unajua kwamba wingi wa mbuzi haumzeeshi nahodha. Sasa nisikilizeni. Karibu mwaka 1980, katika mji wa Grenoble, Ufaransa, watafiti wa ufundishaji wa hisabati waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali la namna hii hii: chombo cha baharini, kondoo 26, mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi hawakucheka. Walijumlisha. Wakaandika 36.

Nimeliuliza swali hilo darasani kwangu, hapa hapa Tanga, kwa watoto waliotoka kufaulu darasa la saba. Madaftari yalirudi na 36. Wachache waliandika 16, wametoa. Na wengi walipiga mistari miwili chini ya jibu, kama tulivyowafundisha.

Je, watoto hawa hawana akili? Hapana, ndugu zangu. Nasema hapana kwa sauti. Mtoto huyo huyo mtume dukani na elfu kumi, umwambie alete sukari nusu kilo, sabuni na viberiti. Atarudi na chenji kamili, na muuza duka akikosea, mtoto atamrudisha kwenye hesabu palepale kaunta. Akili anayo. Lakini sisi tumemfundisha, miaka saba mfululizo, kwamba kufanya hisabati ni kuona namba, kuzidaka namba, kuzifanyia kitu upesi, kisha kupiga mstari. Hajawahi kupewa nafasi ya kukaa na swali. Hajawahi kuambiwa: tulia, lizunguke, lala nalo, kesho uje tena.

Nimekuja kuwaomba jambo moja. Kila shule, kila wiki, fumbo moja la hisabati. Liandikwe Jumatatu. Jibu lisubiri hadi Ijumaa. Na katikati ya Jumatatu na Ijumaa, mwalimu, usilitaje jibu. Wakikufuata stafu, usilitaje. Wakikuomba kwa machozi, usilitaje.

Kuna watakaosema haya ni mambo mapya ya kuletwa. Kitendawili!

(Ukumbi: “Tega!”)

Mnaona? Hakuna aliyetazama mtaala. Ukumbi mzima umejibu, kuanzia mgeni rasmi mpaka mtoto aliyepakatwa na mama yake pale mlangoni. Hebu tukumbuke bibi zetu walivyokuwa wakifanya. Bibi anatega. Unajibu, anasema siyo. Unajibu tena, siyo. Ndugu zako wanajaribu, siyo. Mkishindwa wote, je, bibi anatoa jibu bure? Hatoi! Anadai mji. Unampa Muheza, anaukataa. Unampa Korogwe, anasema hautaki. Mpaka mumpe mji unaomfurahisha, akae autawale, ndipo afumbue. Jibu lilikuwa na bei, na mtoto aliijua bei hiyo, kwa hiyo hakukimbilia kushindwa. Alikwaruza kichwa kwanza. Aligeuza maneno ya bibi huku na huku kabla ya kutoa mji.

Darasani kwetu jibu halina bei. Mtoto akikaa kimya kwa muda mfupi tu, mwalimu anaingiwa na wasiwasi wa kipindi kuisha, anaandika jibu ubaoni. Watoto wameshatujua. Wanajua kwamba wakinyamaza vya kutosha tutajibu wenyewe.

Na bao je? Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 kwenye mashimo yake na 22 mkononi. Watazameni wazee wanaocheza barazani jioni. Mzee anashika kete, anatulia. Anaifuata kwa macho kabla hajaitia: itaangukia wapi, itakula nini, zitakazoliwa zitaanzia kichwa kipi, yaani shimo la mwisho la upande gani, zitaishia shimo gani. Anafanya hesabu ndefu kichwani na hakuna anayempigia kelele kwamba muda umekwisha. Wanaomzunguka wanamheshimu kwa kule kutulia kwake. Kisha mjukuu wake, aliyekaa pembeni akitazama yote hayo, asubuhi anakuja kwetu, na sisi tunamsifu kwa kitu kimoja tu: kunyoosha mkono wa kwanza.

Niwape mfano wa fumbo moja na yale niliyoyaona. Fumbo hili wengi mnalijua. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Anataka kuvuka mto. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Akimwacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Avushe vipi? Ni fumbo la kale sana. Huko Ulaya liko katika mkusanyo wa mafumbo unaohusishwa na mwalimu aitwaye Alcuin, aliyefariki mwaka 804, ila kwake ni mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Afrika nako linasimuliwa katika nchi nyingi, kila watu na wanyama wao. Mimi nililipeleka Pangani: mtu yuko ng'ambo hii, anataka kwenda Bweni, kivuko kimeharibika.

Niliwapa Jumatatu. Kufika Jumanne karibu darasa zima lilikuwa limekwama mahali pamoja. Anamvusha mbuzi kwanza, hilo waliliona wote. Anarudi. Anamvusha chui. Sasa? Akimwacha chui na mbuzi Bweni, mbuzi kwisha. Akianza na majani badala ya chui, majani kwisha. Wakaniambia: “Mwalimu, fumbo lako halina jibu.” Nikawaambia, sawa, nithibitishieni kwamba halina jibu. Wakaondoka wamenuna.

Jumatano, wakati wa mapumziko, kijana mmoja akanifuata. Akasema, “Shikamoo mwalimu. Mwalimu, hivi mbuzi anaruhusiwa kurudi?”

Ndugu zangu, lishikeni swali hilo. Nilimwambia, “Kalisome fumbo tena. Limekataza?” Alisimama pale kidogo, kisha akakimbia, hata kuaga hakuaga. Maana ndiyo ufunguo wenyewe: unamvusha mbuzi, unarudi mtupu, unamvusha chui, unarudi na mbuzi yule yule, unamwacha mbuzi huku na kuvusha majani, unarudi mtupu, unamfuata mbuzi. Safari saba.

Kijana yule alikuwa amegundua kitu kikubwa kuliko safari saba. Aligundua kwamba alikuwa amejiwekea sheria mwenyewe. Hakuna aliyesema kilichovuka kisirudi. Yeye ndiye aliyeiweka, kimoyomoyo, bila kujua, na sheria hiyo ndiyo iliyomfunga siku mbili. Ni mara ngapi mwanafunzi wetu anakwama kwenye mtihani kwa sheria ambayo swali halikuiweka? Anadhani jibu lazima liwe namba kamili. Anadhani lazima atumie kila namba aliyopewa. Anadhani akishaanza kwa njia fulani hawezi kuifuta akaanza upya. Hakuna sura ya kitabu inayofundisha kuzitafuta sheria hizo za bandia. Zinatafutwa kwa kukwama, na kwa kukaa ndani ya kukwama muda wa kutosha.

Kama ningelitaja jibu Jumanne mchana, darasa zima lingenakili safari saba vizuri, kwa wino wa bluu, na hakuna hata mmoja ambaye angeuliza kama mbuzi anaruhusiwa kurudi.

Mtaalamu mmoja wa hisabati mzaliwa wa Hungaria, George Pólya, mwaka 1945 aliandika kwamba kutatua swali kuna hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia, kisha kurudi nyuma kuikagua kazi. Niwaulize walimu wenzangu, kwa dhati kabisa: katika kipindi cha dakika 40, na watoto 70 darasani, tunafanya hatua ngapi kati ya hizo? Moja. Ya tatu. Tunawaonyesha njia, wanaifuata. Kulielewa swali tunawaelewea sisi. Njia tunawapangia sisi. Kukagua, kengele imeshalia. Siwalaumu walimu, vipindi ndivyo vilivyo na mada ndivyo zilivyo nyingi. Ndiyo maana naliomba fumbo la wiki. Kipindi kinaisha kwa kengele, lakini fumbo linatoka na mtoto mlangoni, linakwenda naye kisimani, linapanda naye baiskeli, linakaa naye jikoni wakati anasubiri maji ya ugali yachemke. Linapata zile hatua tatu ambazo kipindi hakina nafasi nazo.

Sasa niende Lushoto. Mkoa wetu huu, ndugu zangu, una hadithi ambayo kila mtoto wa Tanga angepaswa kuijua kabla ya kumaliza darasa la saba. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inajaa. Mpemba hakusubiri. Akaweka maziwa yake yakiwa ya moto. Baadaye akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake, aliyeweka maziwa yasiyochemshwa, bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Je, aliacha? Hakuacha. Alikuja hapa Tanga mjini, akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, na rafiki huyo akamweleza kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Wauza aiskrimu wa mji huu walikuwa wanalijua kwa mikono yao! Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akaliuliza tena, na huko nako akachekwa. Mpaka siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, kijana akasimama mbele ya wenzake, akauliza swali lile lile. Wenzake wakaguna. Osborne hakuguna. Alirudi chuoni akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Leo duniani kote jambo hilo linaitwa kwa jina la kijana wa Magamba, na wanasayansi wanaendelea kubishana nalo hadi sasa.

Kutoka 1963 hadi 1969. Swali moja. Kijana alilibeba kutoka Lushoto hadi Tanga hadi Iringa. Nani alimfundisha kubeba swali miaka yote hiyo? Na sisi, ni nani tunamfundisha kubeba swali hata siku tano?

Najua kuna mwalimu anajiuliza, hiyo ni fizikia, inahusiana nini na mafumbo yangu ya ubaoni. Inahusiana hapa: mtoto aliyezoea kwamba swali lisilo na jibu la papo hapo ni swali la kawaida, siku akikutana na jambo la kweli lisiloeleweka hataliacha. Na mwalimu aliyezoea kusikiliza Ijumaa baada ya Ijumaa, siku mwanafunzi akimletea jambo geni hatamwambia amechanganyikiwa. Atasema: nionyeshe.

Hapo ndipo naifikia Ijumaa yenyewe, na hapa naomba umakini wenu wote, kwa sababu shule nyingi zilizojaribu mafumbo zimeyaulia hapa. Zinaandika fumbo vizuri Jumatatu. Ijumaa mwalimu anatangaza jibu, anamtaja mshindi, makofi, basi. Hiyo ni bahati nasibu. Ijumaa ni siku ya njia. Jibu likishatajwa, swali linalobaki ndilo kubwa: umelipataje?

Wiki moja niliandika hivi: timu 27 zinashindana kugombea kombe kwa mtoano. Anayefungwa anatoka, hakuna sare. Timu ikikosa mpinzani katika raundi inapita bila kucheza. Mpaka bingwa apatikane zitachezwa mechi ngapi? Mnaujua mji huu. Ukitaja mpira Tanga, hata asiyependa hesabu anasogea. Wiki nzima kulikuwa na mabishano mpaka kwenye foleni ya uji.

Ijumaa kijana mmoja akaja ubaoni na jedwali safi. Timu 27: mechi 13, moja inapita, zinabaki 14. Mechi 7, zinabaki 7. Mechi 3, moja inapita, zinabaki 4. Mechi 2. Fainali. Akajumlisha 13, 7, 3, 2 na 1. Akapata 26. Darasa likapiga makofi, na yalikuwa makofi ya haki. Nikauliza, kuna mwingine aliyepita njia nyingine?

Kimya. Kisha msichana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akijitolea kujibu, akasema akiwa amekaa: “Kila mechi inatoa timu moja.” Nikamwomba asimame aendelee. Akasema, “Bingwa ni mmoja. Timu 26 lazima zitoke. Kwa hiyo mechi 26.” Akakaa.

Mwenye jedwali hakukubali kirahisi. Akamuuliza, “Na wale wanaopita bila kucheza umewaweka wapi?” Msichana akamjibu bila kusimama tena: “Aliyepita bila kucheza amemtoa nani?”

Walimu, mngeliona darasa lile. Nikaandika ubaoni: timu 1,000. Kabla sijaweka chaki chini walishasema, 999! Timu 64? 63! Nikamwuliza yule kijana kama jedwali lake limekufa. Akafikiri, akasema, “Halijafa, ndilo lililonifanya niamini kwamba yeye hajabahatisha.” Sikumfundisha maneno hayo. Alikuwa amegundua mwenyewe thamani ya njia mbili kukutana mahali pamoja, na hiyo ndiyo ile hatua ya nne ya Pólya ambayo hatuna muda nayo.

Je, mtihani wa kawaida ungemwona msichana yule? Mtihani unauliza kwa kanuni alizozisahau. Fumbo lilimuuliza kwa kitu anachokiona kila Jumamosi uwanjani. Nawaomba, Ijumaa msimalize mapema. Ulizeni, “Kuna njia nyingine?” Kisha ngojeni. Kile kimya kivumilieni.

Wazazi wangu, sasa niwageukie ninyi. Wengi mnasema, mimi hisabati iliniacha darasa la tano, nitamsaidia nini mtoto? Nawaambia mna kazi, na ni muhimu. Tuliwapa wanafunzi fumbo la madumu mawili: moja la lita 5, jingine la lita 3, hayana alama yoyote, maji yapo tele, upime lita 4 kamili. Binti mmoja alilipeleka nyumbani. Mama yake anauza mafuta ya kupima. Mama hakusema “sijui, kamuulize kaka yako.” Alitoa madumu mawili, akajaza ndoo maji, akamwambia binti, haya tujaribu. Wakamwaga maji uani mpaka usiku. Binti alituletea njia: ujaze la 5, ujazie la 3, zibaki 2. Umwage la 3, uzitie zile 2 humo. Ujaze tena la 5, ulijalize la 3 ambalo lina nafasi ya lita moja tu. Katika dumu kubwa zimebaki 4. Nilipomuuliza nani aliliona, akasema, “Mimi niliona mwanzo, mama akaona kwamba zile mbili zisimwagwe.”

Ndilo ninalowaomba. Mtoto akirudi na fumbo, msimtafutie jibu kwenye simu. Muulizeni maneno mawili: umefikia wapi? Kisha mwacheni aeleze. Mkijua, msiseme. Msipojua, kaeni naye. Na kama babu yupo nyumbani, mpelekeeni babu, maana aliyelea akili yake kwenye bao anaweza kuwashangaza nyote.

Kuhusu namna ya kuliendesha jambo lenyewe sitasema mengi, halihitaji bajeti. Ubao mmoja karibu na mstarini, au kipande cha karatasi ya manila. Boksi tupu la chaki, limetobolewa juu, watoto watumbukize karatasi zenye majina na njia zao. Fumbo liandikwe kwa Kiswahili, hata sekondari, kwa sababu tunapima fikra. Lisihitaji kanuni ambayo nusu ya shule haijafundishwa. Lisiwe jepesi hivi kwamba linaisha Jumatatu saa nne. Na mwalimu, lifanye mwenyewe kwanza, kwa njia mbili kama unaweza, ili Ijumaa uweze kusikiliza. Fumbo usilitolee alama. Fumbo likishaingia kwenye alama, watanakili, na hofu itarudi. Andika majina ya waliojaribu, yote, pamoja na wale ambao njia yao ilikatikia katikati.

Kuyaandika majina kuna uzito wake. Mwaka 1894, katika mji wa Győr, Hungaria, mwalimu wa sekondari aitwaye Dániel Arany alianzisha jarida la hisabati la wanafunzi. Linawatolea maswali, wanafunzi wa nchi nzima wanatuma majibu yao kwa posta, njia nzuri zinachapishwa na jina la mwanafunzi aliyeileta. Baadaye likaanza kuchapisha hata picha za watatuzi bora. Mmoja wa vijana ambao picha zao zilitoka humo ni Paul Erdős, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Jarida hilo bado linatoka. Mwalimu mmoja, wa shule ya kawaida, katika mji usiokuwa mkuu wa nchi. Tanga inashindwa nini?

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla ya mkutano: “Na mitihani je? Wakubwa wanataka ufaulu.” Nami nautaka ufaulu. Hisabati imekuwa somo linaloangusha watoto wetu kidato cha nne mwaka baada ya mwaka, na kila mmoja wetu humu ana ndugu aliyekosa alichokitamani kwa sababu ya somo hilo. Tumeongeza tuisheni. Tumeongeza mitihani ya majaribio. Tumewapa maswali ya miaka iliyopita mpaka wameyajua kwa moyo, na mtihani ukibadilisha sentensi moja wanaona ni swali la nchi nyingine. Fumbo la wiki halichukui nafasi ya kipindi. Linamjenga yule anayeingia kwenye kipindi. Sitawaahidi kwamba matokeo yatapanda muhula ujao. Ninachowaahidi ni kwamba mtabadilishiwa maswali mnayoulizwa darasani. “Mwalimu, jibu ni ngapi?” itapungua. “Mwalimu, inaruhusiwa?” itaanza kusikika.

Nawaachia fumbo la kuanzia, la kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilisafirishwa miche 1,000. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na hapo ndipo ulipoanzia mkonge wote mliokua mkiuona pande zote za reli. Sasa, tuchukulie kwamba idadi ya mimea iliongezeka maradufu kila mwaka, na hakuna uliokufa. Kwanza kisieni, bila kuandika: miaka mingapi mpaka mimea izidi 60,000? Andikeni makisio yenu pembeni. Kisha tafuteni. Kisha mniambie kwa nini makisio na hesabu vimeachana, au havikuachana. Kwa darasa la sita linatosha hivyo. Kwa kidato cha tatu ongezeni: kama wakulima wangeng'oa mimea 20 kila mwisho wa mwaka, ingekuwaje?

Karatasi inapita kuanzia benchi la mbele. Kila shule iandike jina lake, jina la mwalimu atakayesimamia, na mahali ubao utakapowekwa. Shule mbili zilizo jirani, mkitaka kubadilishana mafumbo, wekeni majina yenu mstari mmoja. Na wazazi ambao mna kuta zinazotazama barabara, pale Ngamiani hasa, kama mko tayari tuandike fumbo ukutani kwenu kwa chaki kila Jumatatu, niandikieni namba ya barabara, nitapita mwenyewe.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.